Zoolojia au Mweka? Jibu kwa mdogo wetu wa CBG

Mdogo wangu, umeuliza: umemaliza kidato cha sita kwa mchepuo wa CBG (Kemia, Biolojia na Jiografia), unapenda wanyama, usome zoolojia, yaani sayansi ya wanyama, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au uende Mweka, chuo cha usimamizi wa wanyamapori? Mimi nilisoma zoolojia, nikaajiriwa hifadhini upande wa ikolojia, Serengeti. Nakujibu kwa niliyoyaona.

Mweka, chuo kilichopo tangu 1963, kitakufunza kuisimamia hifadhi: doria, moto, wageni, vijiji jirani. Zoolojia itakufunza kuchunguza mnyama anaishije na anakufa kwa nini. Vyote vinahitajika, ila ni kazi mbili, na usidanganywe kwamba ya pili ni kupiga picha simba. Sehemu kubwa ni kusoma kipimo cha mvua, kuhesabu na kukagua mizoga. Ukikuta nyumbu amekufa kiangazi, unavunja mfupa wa paja. Uboho mweupe na mgumu, alikuwa bado na akiba ya mafuta. Mwekundu na wa kuvutika kama mlenda, njaa ilikuwa imemmaliza, hata kama fisi ndiye aliyemwangusha.

Kazi hiyo ya kuchosha ndiyo iliyotufundisha Serengeti. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nyumbu walikuwa kama 250,000. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970 walipita milioni moja. Sababu ya kwanza haikuwa ndani ya hifadhi kabisa: ng'ombe wa wafugaji walichanjwa dhidi ya sotoka, ugonjwa wa ng'ombe uliowaambukiza nyumbu pia, na ndama wa nyumbu wakaacha kufa. Baadaye mvua nzuri za kiangazi zikaongeza majani. Bila watu waliohesabu mwaka hadi mwaka, nani angejua?

Na shahada pekee haikufanyi mwanazoolojia. Mei 1975 waasi kutoka Zaire waliteka watafiti wanne Gombe, hifadhi ya sokwe kando ya Ziwa Tanganyika, wageni wakaondolewa. Watanzania waliokuwa wasaidizi wa utafiti ndio walioendelea kuwafuata sokwe msituni na kuandika walichokiona, kwa Kiswahili. Mimi nawaheshimu wale kuliko maprofesa wengi.

Jambo jingine ambalo wengi hawaambiwi: uhifadhi sasa ni jeshi usu, yaani unaendeshwa kwa mfumo wa kijeshi. Hata ukiwa na shahada ya zoolojia, utapita mafunzo ya kijeshi, kwa hiyo anza mazoezi mapema. Pia jifunze takwimu kwa bidii. Vijana wengi wanaokuja kufanya mafunzo kwa vitendo wanawajua wanyama vizuri, wanakwama kwenye hesabu.