Barua za Saa Nane Usiku: Maswali Yenu na Majibu Yangu

Safari hii nimezipanga barua zenu kwa saa zilizoingia. Nyingi mno zimetumwa kati ya saa sita usiku na saa kumi alfajiri, na hilo limeniambia mengi kabla sijafungua hata moja. Nimechagua chache. Someni zote, msikimbilie jibu lenu tu, maana dawa ya swali lako huenda nimeiweka kwenye swali la mwenzako.

Shikamoo mama. Nitajie dawa nzuri ya usingizi ya kununua mwenyewe. Mwezi wa pili huu silali. Rafiki yangu alikuwa ananigawia vidonge vyake lakini vimeisha.

Marahaba mwanangu. Sitakutajia. Nimeshalijibu swali hili mara nyingi kiasi kwamba wasomaji wa zamani wanajua nitakachosema, lakini kwa hilo neno "vimeisha" narudia.

Hukuniambia vidonge hivyo vinaitwaje, na nadhani wewe mwenyewe hukuuliza. Dawa za kundi la diazepam humtuliza mtu upesi, ndiyo maana watu hugawiana. Mwili nao huzizoea upesi, pengine ndani ya wiki chache tu. Kidonge kimoja kinakuwa hakitoshi, unaongeza, na ukija kuzikatisha ghafla baada ya kuzitumia muda mrefu unaweza kuanguka degedege. Kama ulikuwa unameza kila siku, nenda hospitali leo. Beba pakiti tupu mkononi, mwambie daktari ulikuwa unameza vingapi na tangu lini. Usipunguze idadi kwa aibu. Atapanga namna ya kukushusha taratibu kwa hesabu utakayompa wewe.

Sasa usingizi wenyewe. Kwa mtu aliyekosa usingizi kwa muda mrefu, tiba inayopendekezwa kwanza si kidonge. Ni kuyapanga upya mazoea ya kulala, ikiwezekana kwa msaada wa mwanasaikolojia. Amka saa ileile kila siku, hata kama umelala kwa muda wa saa mbili tu. Ukijigeuza kitandani kama dakika 20 na usingizi hauji, inuka. Kaa kwenye kiti, taa iwe hafifu, simu iwe chumba kingine. Rudi kitandani macho yakiwa mazito, na usingizi ukigoma tena, inuka tena. Kitanda chako kimezoea kuwa mahali pa kuwaza, na unakifundisha upya kazi yake. Siku za mwanzo utachoka kuliko sasa, nakuambia mapema ili usikate tamaa siku ya tatu.

Na kabla hujazima taa, chukua kalamu na karatasi. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Baylor kule Marekani waliwaomba watu waandike kwa dakika 5 kabla ya kulala. Walioandika mambo wanayopaswa kufanya siku zijazo walisinzia mapema kuliko walioandika waliyokwisha kufanya, kwa wastani wa dakika 9 hivi. Dakika 9 si muujiza, lakini hazina gharama wala madhara. Jambo lililoandikwa halikudai ulikumbuke usiku kucha.

Nanyi mnaokunywa pombe ili mlale, nawaona kwenye barua hizi ingawa hamkuuliza. Pombe inakulaza haraka kisha inauvunjavunja usingizi wa nusu ya pili ya usiku. Ndiyo maana saa tisa macho yako wazi na moyo unadunda.

Msongo wa mawazo na sonona si kitu kimoja?

Si kimoja. Msongo una mzigo unaoweza kuutaja: deni, mtihani, mgonjwa anayekutegemea. Mzigo ukipungua, nawe unapumua. Hans Selye, mtaalamu aliyeandika juu ya jambo hili mwaka 1936, aliona kwamba panya walioteswa kwa njia tofauti kabisa, wengine kwa baridi, wengine kwa majeraha, wengine kwa sumu, miili yao iliitikia kwa namna moja. Mwili haujali sana mzigo ni wa aina gani. Deni likikuumiza tumbo, tumbo linauma kweli, hujizushii.

Sonona hubaki hata mzigo ukiondoka. Daktari atauliza kama kwa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, umekuwa na huzuni au huoni raha ya vitu ulivyovipenda, na kama usingizi, hamu ya kula, nguvu na umakini vimevurugika, na kama unajiona hufai. Kwa wanaume wengi inajitokeza kama hasira, na nyumba nzima inadhani baba amekuwa mkali tu. Ukienda kuonwa, omba pia wakupime damu na tezi ya thairoidi, ile iliyo shingoni. Upungufu wa damu au tezi iliyolegea vinaweza kukufanya uwe mzito na mwenye huzuni vilevile.

Kahawa inaongeza wasiwasi?

Ndiyo. Na kikombe cha saa kumi jioni, karibu nusu ya nguvu yake bado imo mwilini saa tatu usiku.

Moyo unaenda mbio ghafla, mikono inakufa ganzi, nahisi nakata roho. Nimepimwa moyo mara tatu, ni mzima. Ndugu zangu wanasema najidekeza. Najidekeza?

Hapana dada yangu, na waambie ndugu zako nimesema hivyo.

Hiyo ni hofu ya ghafla, na inatisha hasa kwa sababu ni mwili wenyewe unaofanya kazi yake wakati usiofaa. Juu ya figo zako kuna tezi mbili ndogo. Ubongo ukihisi hatari, tezi hizo zinamwaga adrenalini: moyo unakimbia, pumzi inakuwa fupi, damu inakimbilia kwenye misuli ili upigane au utoroke. Ungekuwa unafukuzwa na mnyama ungeshukuru. Lakini umekaa kwenye kiti, hakuna mnyama, basi akili inatafuta adui na kumkuta ndani ya kifua chako. Unaogopa moyo unavyokimbia, nao unazidi kukimbia kwa sababu umeogopa. Kile unachokiita ganzi mara nyingi kinatokana na kupumua haraka kupita kiasi.

Hali hii kwa kawaida hufika kileleni ndani ya dakika 10 kisha hushuka. Itashuka hata usipofanya lolote. Mama mmoja niliyemsaidia alikuwa akishikwa nayo ndani ya basi. Tulikubaliana asishuke. Alikuwa anaweka vidole kwenye mshono wa kiti cha mbele yake na kuuhesabu, tundu moja baada ya jingine, huku akitoa pumzi polepole, ndefu kuliko aliyovuta. Mara ya kwanza alifika 140 na kitu. Baada ya miezi michache aliniambia hakumbuki mara ya mwisho kuhesabu. Kilichomponya si hesabu. Alikaa hadi mwisho, akaona hafi, na mwili ukajifunza.

Ila nawaonya wengine: aliyeandika hapa amekwisha kupimwa. Wewe ambaye kifua kinakubana kwa mara ya kwanza, usijitibu kwa safu yangu. Nenda hospitali upesi.

Naomba mbinu tano za haraka za kuondoa stresi.

Sina. Hukuniambia stresi yako inatoka wapi, na mtu mwenye deni hasaidiwi na ushauri wa mtu mwenye mtoto mgonjwa. Andika mzigo wako kwa sentensi moja, useme umeubeba tangu lini na nani mwingine anaujua. Ukikuta hakuna anayeujua, hapo ndipo pa kuanzia.

Daktari alinianzishia dawa za sonona. Wiki ya pili inaisha na sijaona nafuu, kichefuchefu tu. Niache?

Usiache! Dawa za sonona kama fluoxetine na sertraline kwa kawaida huchukua wiki mbili hadi sita kuonyesha kazi, lakini madhara madogo kama kichefuchefu huja siku za mwanzo na mara nyingi hupungua. Wengi huacha wakati maudhi yameshafika na nafuu iko njiani. Mpigie aliyekuandikia umweleze kichefuchefu hicho. Na siku utakapojisikia vizuri, usiache pia kwa kuamua mwenyewe. Kuacha ghafla huleta kizunguzungu, mishtuko na usingizi mbaya. Jambo moja la kukimbilia: kama katika wiki hizi za mwanzo umekosa utulivu kabisa au mawazo ya kujidhuru yamekujia au kuongezeka, mwone daktari siku hiyohiyo.

Nilichukua likizo ya wiki mbili kwa sababu ya uchovu wa kazi. Siku ya tatu baada ya kurudi nilikuwa vilevile. Nina tatizo gani?

Huenda tatizo si lako. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza uchovu wa namna hii kuwa jambo linalotokana na msongo wa kazini uliodumu bila kushughulikiwa: nguvu zimekwisha, kazi unaichukia au umejitenga nayo, na unajiona huna tija. Likizo inakupumzisha wewe, kazi inabaki ilivyokuwa. Ulirudi kwenye kile kile kilichokuchosha. Chagua kitu kimoja kinachoweza kubadilishwa, kwa mfano ujumbe wa kazi baada ya saa mbili usiku, ukakiombe kwa mkuu wako kwa maneno mafupi. Kimoja tu. Ukipeleka malalamiko kumi utasikilizwa kama mlalamikaji.

Binti yangu ana miaka 15. Asubuhi haamki, jioni hasinzii, na amekuwa mkali. Baba yake anasema ni uvivu, tumnyang'anye simu.

Simu itoke chumbani usiku, hilo naungana na baba yake, na simu zenu pia zitoke vyumbani mwenu la sivyo ataona ni adhabu. Lakini uvivu, hapana. Katika balehe saa ya mwili husogea mbele. Usingizi unachelewa kuja wenyewe, na umri huo unahitaji saa 8 hadi 10. Mtoto anayelala kwa muda wa saa 6 tu kila siku ana deni kubwa la usingizi. Kinachonishughulisha zaidi ni ukali. Ulianza lini? Kuna rafiki aliyepotea, alama zilizoshuka, mtu anayemtumia maneno mabaya? Msimwulize mkiwa wawili mbele yake mezani. Muulize mkiwa mnafanya kazi pamoja, macho yenu yakiwa kwenye kazi. Watoto wengi huzungumza pale wasipotazamwa.

Mume wangu alipoteza kazi miezi minne iliyopita. Haongei, anakaa gizani. Namwambia ajikaze kiume, ndiyo kwanza anazidi. Nifanye nini?

Uache kumwambia ajikaze. Najua umelisema kwa upendo, lakini mtu aliyezama analisikia kama "unanichosha". Tangu nianze kunasihi watu sijakutana na hata mmoja aliyepona kwa neno hilo.

Kaa naye, kiti kando ya kiti. Mwambie ulichokiona, siyo unachokidhani: "Wiki ya tatu hii hujatoka nje. Nimeona huli." Kisha nyamaza. Ukimya wa dakika mbili utakuwa mgumu kwako kuliko kwake, uvumilie.

Kuna jambo la Zimbabwe ninalopenda kulieleza. Mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza na mabibi 14 mjini Harare, akawafundisha kusikiliza na kumsaidia mtu kuchagua tatizo moja la kulitatua kwanza. Walikaa na wagonjwa kwenye benchi la mbao nje ya zahanati. Hata jina la ugonjwa walitumia la kwao, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 uliwafuata watu 573, na baada ya miezi sita waliokaa kwenye benchi walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida. Wale mabibi hawakuwa madaktari. Walikaa, wakasikiliza, wakauliza "tuanze na lipi?" Hilo unaliweza.

Na kuna swali moja lazima umuulize waziwazi: "Umewaza kujiua?" Watu hudhani kuuliza kunampandikiza mtu wazo. Hakumpandikizi. Mara nyingi ni mara ya kwanza anapata mahali pa kulitua. Akisema ndiyo, usimwache peke yake, ondoa vitu vya hatari nyumbani, na mpeleke hospitali siku hiyo.

Nimechoka na kila kitu. Nahisi nikiondoka watu wangu watapumua.

Barua hii haina jina, imeingia saa tisa na robo usiku. Wewe sikusubiri safu itoke. Nilikuandikia palepale nilipoisoma, nikapiga namba uliyoiacha mara tatu, haikupokelewa.

Kwa hiyo nasema na wewe hapa. Hawatapumua. Nimekaa na ndugu waliobaki nyuma, miaka baada ya mazishi, bado wanahesabu simu ambazo hawakupiga. Wazo hilo linakuja usiku ukiwa hujalala na uko peke yako, na linaongea kwa sauti ya uhakika kabisa. Usiliamini, na usiamue lolote kabla hujaongea na mtu. Kama liko nawe sasa hivi, mwamshe mtu aliye karibu nawe, yeyote, umwambie maneno yaleyale uliyoniandikia mimi. Kama hakuna mtu, nenda chumba cha dharura cha hospitali iliyo karibu, mlangoni useme "nataka kujiua, nisaidieni". Huhitaji kueleza zaidi ya hapo.

Nitapiga tena leo jioni saa moja, na kesho asubuhi saa mbili. Pokea, mwanangu. Usipoweza kuongea, pokea tu, nitakaa kwenye simu.