Kusoma shahada ya uuguzi kwa masafa ukiwa kazini

Dada yangu wa Makete, umeuliza uchague chuo gani cha masafa ili utoke astashahada ya uuguzi ufike shahada bila kuacha kazi zahanati. Pole na majukumu.

Kwanza, ngazi. Astashahada yako ni NTA 5 (ngazi ya tano ya tuzo za mafunzo ya ufundi nchini), kwa hiyo maliza kwanza stashahada, NTA 6. Anayekuahidi kukurusha moja kwa moja hadi shahada, usimpe hela yako.

Pili, kabla ya kulipa hata ada ya fomu, hakikisha chuo kinatambuliwa na TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, kisha uliza Baraza la Uuguzi na Ukunga kama kozi yenyewe inakubalika kwa usajili. Kikiwa cha nje ya nchi, cheti kitapitia TCU kufanyiwa tathmini. Mwenzangu mmoja hapa Tukuyu alilipa mihula miwili kwanza, akauliza baadaye. Alilia, nami nililia naye.

Jambo linalosahaulika sana ni mafunzo kwa vitendo. Nadharia utasoma kwenye simu usiku, lakini kuzalisha na kuhudumia wodini hakufanyiki mtandaoni. Waulize: vitendo ni wiki ngapi, hospitali ipi, nani anasimamia? Nauli na chumba Mbeya mjini wiki hizo zote ni gharama halisi, na mganga mfawidhi akupe ruhusa kwa maandishi.

Mimi nilipakua masomo yote Jumapili nikienda mjini, maana kwetu mvua ikishika, mtandao unapotea. Ukipata majina ya vyuo viwili vitatu, yaweke hapa tuyaangalie pamoja.