Maswali ya Wasomaji: Taa za droni zafifia kabla ya kutua

SWALI: Ndugu Mhariri, salamu kutoka Chumbageni, Tanga. Nimeiundia droni yangu taa za mbele kwa LED nyeupe tatu za milimita 5, nikaziunga kwa mfululizo na rezista moja (kile kipande cha kupunguza mkondo wa umeme) ya omu 150, umeme nikiuchukua kwenye betri ya lithiamu yenye seli tatu. Betri ikiwa imejaa zinang'aa vizuri, lakini baada ya muda mfupi hufifia, na jua likishazama kule Raskazone siwezi kujua pua ya droni imeelekea wapi. Je, ninunue LED zenye nguvu zaidi?

JIBU: Ndugu msomaji, LED zako hazina kasoro yoyote, na fedha yako ibaki mfukoni. Betri ya seli tatu hutoa volti 12.6 ikijaa, kisha hushuka hadi karibu 10.5 wakati wa kutua ukikaribia. LED nyeupe moja huhitaji takriban volti 3.2, kwa hiyo tatu huchukua 9.6, na kile kinachobaki ndicho kinachosukuma mkondo kwenye rezista. Mwanzoni hubaki volti 3, nazo huleta miliampea 20; mwishoni hubaki 0.9 tu, na mkondo huanguka hadi miliampea 6.

Dawa yake ni kupunguza LED badala ya kuziongeza. Unga mbili kwa mfululizo na rezista ya omu 330 ya robo wati, nawe utapata karibu miliampea 19 betri ikiwa imejaa na zaidi kidogo ya 12 inapokaribia kuisha, tofauti ambayo jicho halitaisumbukia sana. Ukitaka mwanga zaidi, ongeza jozi ya pili kwa sambamba, lakini kila jozi iwe na rezista yake, kwa sababu LED hazilingani kabisa na moja huweza kuvuta mkondo wa mwenzake. Nakusihi pia usichukue umeme wa seli moja tu kupitia plagi ndogo ya kuchajia, kwani seli hiyo itatangulia kuisha na kuiharibu betri nzima.

Zifunge chini ya lenzi ya kamera, zikitazama mbele na chini kidogo, ili mwanga usigonge mapanga na kurudi kwenye picha. Ukishachomea viungo kwa risasi, vipake rangi ya kucha isiyo na rangi, maana hewa ya chumvi ya pwani huitia shaba kutu ya kijani upesi.

Hata hivyo, LED za ukubwa huo hazitakumulikia ardhi. Kazi yake ni kukuonyesha mwelekeo, na kwa kazi hiyo mkia una umuhimu sawa na pua. Weka LED nyekundu mbili nyuma kwa rezista ya omu 470, kwa kuwa nyekundu huhitaji volti 2 hivi. Kabla ya kurusha gizani, ulizia masharti ya kibali kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania.