Mafundi Wajibu: Usinunue CDI Kabla Hujaiona Cheche

Tangu masika yaanze, barua nyingi kutoka Tanga na vitongoji vyake zinauliza jambo moja: pikipiki imegoma kuwaka. Tumechagua tano. Majibu yanahusu zaidi pikipiki za kabureta za cc 100 hadi 150, ambazo ndizo zimejaa vijiweni.

Ndugu mafundi, habari za kazi. Mimi ni dereva wa bodaboda, kijiwe changu kiko Raskazone. Pikipiki yangu ya cc 150 ikilala nje ikanyeshewa, asubuhi stata inazungusha injini vizuri ila haiwaki, hata nipige kiki mpaka jasho linitoke. Jua likipanda, saa nne hivi, inawaka kama hakuna kilichotokea. Fundi ananiambia ninunue CDI na koili kwa pamoja. Ninunue?

Usinunue bado, ndugu yetu. CDI, kile kisanduku cha elektroniki kinachoiamuru koili itoe cheche, ikifa haifufuki kwa jua la saa nne. Pikipiki inayogoma ikiwa mbichi na kuwaka ikikauka, mara nyingi umeme wake unavujia njiani. Umeme wa plagi, unaotoka kwenye koili, ni wa maelfu ya volti. Ukikuta raba iliyopasuka yenye tone la maji, unashukia kwenye bodi hapo hapo na plagi haipati kitu. Nanyi Raskazone mmepakana na bahari: upepo unaleta chumvi, chumvi inavuta unyevu, kwa hiyo hata asubuhi isiyo na mvua umande peke yake unaweza kukugomesha.

Ichunguze asubuhi ile ile inapogoma, kabla haijakauka. Ikishawaka, ushahidi umepotea.

Fungua plagi (spana namba 18 kwa plagi nene, 16 kwa nyembamba). Irudishe kwenye kofia yake (kile kifuniko kilicho mwisho wa waya wa plagi), kisha ilaze ili chuma chake kigusane na silinda hedi mahali pasipo na rangi, mbali na tundu la plagi, maana tundu hilo linatema mvuke wa petroli. Usiishike kwa mkono. Tia kivuli, piga kiki. Cheche nzuri ni ya buluu, nene, na mlio wake unausikia. Cheche nyembamba ya rangi ya chungwa ni dhaifu: hapo nje unaiona ikiruka, lakini ndani ya silinda, hewa ikishabanwa, haitaruka. Na usipige kiki kofia ikining'inia bila plagi. Umeme ukikosa pa kwenda unaweza kuua koili au CDI, na hapo utainunua kweli.

Kama cheche haipo, jaribu plagi mpya, nafasi ya mdomo wake iwe milimita 0.6 hadi 0.7. Bado? Nenda kwenye kofia. Izungushe kinyume cha saa, itatoka kama skrubu. Tazama ncha ya waya: katika miji ya pwani ni kawaida kukuta nyuzi za shaba zimegeuka kijani, ukizikwangua kwa kucha zinapukutika kama unga. Kata milimita 5, kata tena kama bado ni kijani, mpaka ufikie shaba inayong'aa. Kabla ya kurudisha kofia, shika waya kwa koleo yenye mpini mzima wa plastiki, ncha yake iwe milimita 5 kutoka kwenye hedi, kisha piga kiki. Cheche ikiruka hapo, koili na CDI vyako ni vizima, kosa lilikuwa kwenye ncha uliyoikata au liko kwenye kofia, nayo ni ya bei ndogo kuliko hivyo viwili. Ukiwa na mita, kofia nyingi zenye rizista husoma karibu kilo-ohm 5.

Cheche isiporuka hata hapo, angalia swichi. Kwenye pikipiki nyingi zenye CDI inayolishwa na magneti (gurudumu la sumaku la injini linalozalisha umeme), kuzima injini maana yake ni kuupeleka waya mmoja wa CDI kwenye ethi, yaani kwenye bodi; mara nyingi ni mweusi wenye mstari mweupe. Maji yakiingia kwenye swichi ya funguo au ya kuzimia, waya huo unaguswa na ethi hata kama umewasha. Uchomoe kwenye soketi yake, piga kiki. Cheche ikirudi, tatizo ni swichi: ifungue, ikaushe, isugue kwa msasa laini. (Kumbuka injini haitazima kwa funguo mpaka uuchomeke tena. Kama CDI yako inalishwa na betri, njia hii haikuhusu. Wewe pima kama volti 12 zinafika kwenye soketi ya CDI funguo ikiwa imewashwa.) Baada ya hapo pima koili ndogo iliyo karibu na magneti, inayoiambia CDI wakati wa kupiga. Nyingi husoma kati ya ohm 100 na 300. Ikiwa 0 au njia imekatika kabisa, imekufa.

CDI inakuja mwisho kwa sababu mita haiwezi kuisemea. Njia ya uhakika ni kuazima nzima ya pikipiki ya aina ile ile na kuijaribu. Tunasisitiza aina ile ile: kuna zinazolishwa na magneti na kuna zinazolishwa na betri, soketi zinaweza kuingiliana lakini kazi haziingiliani.

Wanangu mafundi, hamjambo? Nina pikipiki inayobeba samaki wangu kutoka Sahare kwenda Muheza. Kijana akibonyeza stata inalia ta-ta-ta halafu kimya. Betri ilinunuliwa mwaka huu huu. Nimeuziwa mbovu?

Hatujambo mama, shikamoo. Huenda betri haina kosa. Mlio huo ni rilei ya stata, swichi inayoipelekea stata umeme wa betri, inayovuta na kuachia kwa kukosa nguvu. Mwambie kijana apime betri pikipiki ikiwa imepumzika: volti 12.6 au zaidi imejaa, 12.2 iko nusu. Kisha apime huku akibonyeza stata. Ikishuka chini ya 9.5, betri imechoka au haina chaji. Ikibaki juu ya 11 na stata haizunguki, umeme unakwama njiani.

Na hapo, mama, tunalitazama tenga la samaki. Maji ya barafu yenye chumvi yanachuruzika nyuma ya siti, mle mle inamokaa betri kwenye pikipiki nyingi. Afungue siti atazame vichwa vya betri: akiona unga mweupe au wa kijani, atoe waya wa hasi kwanza, halafu wa chanya, aoshe kwa maji ya moto, akaushe, asugue kwa msasa, afunge chanya kwanza. Kisha afuate waya wa hasi mpaka unapofungwa kwenye chesisi au injini, boliti ile ndiyo husahaulika. Aifungue, asugue mpaka chuma king'ae, akaze, apake grisi juu. Chini ya tenga awekewe beseni la plastiki au turubai.

Betri ikichajiwa nje, ya saa-ampia 7 itiwe ampia 0.7 kwa takriban saa 10. Kuichaji haraka kwa chaja ya betri ya gari kunaipika. Injini ikiwaka, avute mafuta kiasi na apime tena: kati ya 13.5 na 14.5 chaji inaingia vizuri. Na fyuzi ikiungua isifungwe kwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Waya zitaungua kabla ya karatasi hiyo.

Nilisafiri miezi minne, pikipiki imekaa ndani hapa Pongwe na petroli kwenye tangi. Cheche ninayo, nimeiona. Nikifungua choki inataka kuwaka halafu inakufa. Nimwage petroli tu au kuna zaidi?

Kuna zaidi. Petroli iliyokaa miezi hupoteza ile sehemu nyepesi inayoshika moto haraka, na kilichobaki kwenye bakuli la kabureta hukauka kikawa gundi. Gundi hiyo huziba kwanza jeti ndogo, ambayo tundu lake ni jembamba sana, na ndiyo inayolisha injini wakati wa kuwaka na kupumua taratibu. Huko kutaka kuwaka kwa choki halafu kufa kunalingana kabisa na hilo.

Legeza skrubu ya chini ya bakuli, pokea petroli kwenye chupa angavu ya maji. Iache dakika 5. Maji, kama yapo, yatakaa chini kama shanga. Mwaga tangi lote, weka petroli mpya, fungua koki na uache petroli itiririke kwenye chupa: ikianza vizuri halafu ikafifia, fungua kifuniko cha tangi. Ikirudi kwa nguvu, tundu la hewa la kifuniko limeziba.

Kisha shusha kabureta. Kabla ya kutoa skrubu ya hewa, ifunge taratibu huku ukihesabu mizunguko, uiandike. Nyingi huwa kati ya mzunguko mmoja na nusu na miwili na nusu. Toa jeti zote mbili, zitie kwenye petroli safi kwa saa moja, zipulize kwa pampu. Usichokonoe kwa pini wala waya wa chuma: tundu likipanuka, pikipiki itakunywa petroli na kutoa masizi daima. Unywele mmoja wa brashi ya nailoni unatosha. Inua jeti uitazame kwenye mwanga. Ukiona nukta ya mwanga iliyo duara, ndipo uirudishe.

Ninabeba machungwa kutoka Amani kushuka Muheza. Asubuhi inawaka kwa kiki moja. Ikipata moto nikazima, haiwaki tena mpaka ipoe nusu saa.

Hapa yapo mambo mawili, na kuyatofautisha ni kazi ya dakika 2 pale pale inapogoma. Angalia cheche injini ikiwa bado ya moto. Kama haipo, koili inakata ikipata joto. Kama ipo, piga kiki usikie uzito wake. Ikiwa nyepesi kuliko asubuhi, tapeti zimebana. Valvu inavyozidi kula kiti chake, nafasi ya tapeti, yaani uwazi mdogo unaoachwa juu ya valvu, inapungua badala ya kuongezeka, kwa hiyo injini inakuwa kimya na mwenyewe anafurahi kwamba haigongi. Ikipata moto valvu inarefuka, haifungi, na mbano unatoroka.

Seti injini ikiwa baridi kabisa, imelala usiku. Zungusha magneti mpaka alama ya T ilingane na alama ya kava, na tapeti zote mbili ziwe zinachezacheza. Zikiwa zimekaza, zungusha duru moja tena. Injini nyingi za cc 125 za fito (valvu zinasukumwa kwa fito ndefu) hutaka milimita 0.08 kwa zote mbili, lakini fuata kitabu cha pikipiki yako, kwa sababu nyingine hutaka nafasi ya valvu ya ekzosi iwe pana zaidi. Fila geji, kibati chembamba cha kupimia nafasi hiyo, ipite kwa kukwaruza kidogo.

Ukishaseti na kiki bado ni nyepesi, tia kijiko kimoja cha chai cha oili kwenye tundu la plagi, piga kiki. Ikiwa nzito ghafla, ringi zimekwisha. Isipobadilika, valvu zinahitaji kusagwa.

Pikipiki ilizama kwenye maji ya mvua mpaka juu ya injini. Niisukume iwake?

Usiisukume, usipige kiki, usiguse stata. Maji hayabaniki, pistoni ikiyakuta, konrodi inapinda. Toa waya wa hasi wa betri, toa plagi, kisha zungusha kwa mkono mpaka maji yaache kutoka. Mwaga oili: ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Mwaga pia bakuli la kabureta, kausha kichujio cha hewa. Weka oili mpya, karibu lita 1, iwashe kwa dakika 5 bila kuiendesha, mwaga, weka nyingine. Kama bado ina maziwa, rudia.