Unatengeneza apu ya kuchagulia pa kukutana? Achana na katikati ya ramani

Wadau, hii nawaandikia hasa mnaojifunza kutengeneza programu na mnatafuta kitu cha kufanya ambacho watu wenu wa karibu watakitumia kweli. Mimi nilitengeneza apu ya kuchagua sehemu ya kukutana kwa ajili ya kundi letu tuliosoma wote, maana sasa hivi tumetawanyika Dar nzima, kuna wa Tegeta, wa Mbagala Rangi Tatu, wa Gongo la Mboto, wa Kimara, mwingine yupo Kigamboni ndani huko Kibada, na kila tukitaka kuonana grupu la WhatsApp linajaa meseji "nyie semeni wapi", "popote tu", "huko mbali bana", mpaka hamu yenyewe inaisha na wikiendi imepita.

Wengi wanaanzia kwenye GPS, yaani unachukua lokesheni za watu wote unatafuta wastani alafu unatafuta mgahawa wa jirani na hapo. Chukua mtu wa Mjimwema na mtu wa Mbezi Beach ufanye hivyo, katikati yao inaangukia baharini, upande wa Daraja la Tanzanite. Na hata ikiangukia nchi kavu bado haikusaidii, kwa sababu mjini kwetu hatuhesabu kilomita, tunahesabu muda na nauli. Mtu wa Kimara Mwisho ana barabara ya mwendokasi tangu 2016, akishapata gari ananyoosha mpaka Kivukoni, wakati wa Tabata ambaye ukiangalia ramani yupo karibu zaidi na Posta anaweza kukaa kwenye foleni mpaka akaghairi. Aliyepo Kigamboni pale Feri anaiona Posta kwa macho yake, lakini kufika ni mpaka asubiri pantoni au azunguke Daraja la Nyerere atokee Kurasini. Programu ya kupanga njia inajua pantoni linavuka kwa dakika ngapi, foleni ya kulisubiri haiijui.

Kwaiyo fanya kinyume. Usitafute pointi, andaa kwanza orodha ya sehemu ambazo watu wanakutana kweli, Mlimani City, Mwenge, Makumbusho, Posta, Kariakoo, Coco Beach, Tazara, na nyingine unazozijua, alafu kwa kila sehemu piga hesabu kila mtu atatumia muda gani kufika. Sehemu 40 na watu 5 ni safari 200 tu za kukokotoa, simu ya kawaida haihangaiki na hilo.

Hapa ndipo penye uamuzi mkubwa kuliko yote na naomba uusome taratibu. Sehemu ya kwanza inawachukua watu watatu dakika 15, 30 na 90, wastani wake 45. Sehemu ya pili inawachukua 50, 50 na 55, wastani unakaribia 52. Ukifuata wastani utachagua ya kwanza, na kila mwezi yule wa dakika 90 atakuwa ni yuleyule, kwetu alikuwa wa Gongo la Mboto, na mtu wa namna hiyo hagombani na mtu, anaacha tu kuja taratibu. Mimi apu yangu inaangalia anayeumia zaidi na kutafuta sehemu ambayo maumivu yake yanakuwa madogo kadiri inavyowezekana. Na inakumbuka, aliyesafiri mbali mara iliyopita safari hii anapewa uzito zaidi, kwaiyo mzigo unazunguka.

Kuna jambo lingine ambalo nalijali kuliko hesabu zote hizo, nauli. Mtu akikwambia "leo nimebanwa" mara nyingi hajabanwa na kazi, ni hela ya kwenda na kurudi haipo na hawezi kuandika hivyo mbele ya grupu zima ambalo wengine wana magari. Weka sehemu ambapo kila mmoja anaandika mwisho wake wa nauli peke yake, wengine wasione, hata aliyefungua kikao asione, apu iondoe kimyakimya zile sehemu zinazozidi. Watu wawili kwenye kundi letu walirudi kuonekana kwa sababu ya kitu hicho na hakuna aliyewauliza chochote.

Alafu lokesheni. Usimwombe mtu GPS ya nyumbani kwake, wengi hawataki na wana haki, na anayetaka pengine kazima data ya simu anabania bando. Muulize swali ambalo kila mtu wa Dar analijibu bila kufikiria: unapandia kituo gani? Kwa Azizi Ali, Tabata Bima, Sinza Mori, Afrikana, anakujibu hapohapo. Ila hapa jiandae, kwa sababu ukichukua jina hilo ukalituma kwenye huduma ya ramani ya dunia nzima utalia. Mtu ameandika Morocco, yeye yupo Kinondoni, ramani inampeleka Afrika Kaskazini. Ameandika Mombasa akimaanisha ya Ukonga, inamvusha mpaka Kenya. Namanga ya Msasani inakuwa mpakani, Argentina ya Manzese unajua mwenyewe inaenda wapi, Korogwe ya pale Kimara inahamia Tanga, na Mbezi hata binadamu lazima akuulize, Beach au ya Luis? Dawa yake ni kutengeneza orodha yako mwenyewe ya vituo, mtu achague kwenye orodha akiandika herufi mbili tatu, asiandike mwenyewe mwanzo mwisho.

Kuunganisha magari nako uhesabu. Kila mtu akishuka kupanda gari lingine mimi naongeza dakika 15, kama ni jioni Kariakoo naongeza zaidi maana kule watu wanageuza na gari, yaani wanalipanda linapoenda kugeuzia, ndio wapate siti. Na hesabu safari ya kurudi pamoja na ya kwenda. Kikao kikiisha saa nne usiku daladala za pembeni zimeshaanza kupungua, dada zetu wanabaki na boda au bajaji kwa bei ya usiku, sehemu iliyokuwa rahisi saa kumi jioni haipo rahisi tena. Masika weka na kitufe cha kufunga njia, mto Msimbazi ukijaa pale Jangwani barabara ya Morogoro inafungwa na hesabu zako zote za Magomeni kwenda mjini zinakufa.

Usiwalazimishe watu kupakua kitu, tuma linki kwenye grupu ifunguke ukurasa mwepesi, watu wachague, basi. Ramani ya bure ipo, OpenStreetMap, na kwa Dar imejaa vizuri mitaani kwa sababu mradi wa Ramani Huria kuanzia 2015 uliingiza wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mpaka uchochoroni kuchora maeneo yanayopata mafuriko. Juu yake unaweka OSRM, programu ya kupanga njia, inakupa muda wa barabarani, unaongeza yale ya kwako niliyoyasema. Mdau wa Nairobi wewe umerahisishiwa, mradi wa Digital Matatus ulishakusanya njia na vituo vya matatu vikawekwa wazi mtu yeyote atumie. Mimi za huku nimezikusanya kwa kupanda magari na kuuliza makonda, na wanajua kila kitu, muda wa foleni mpaka gari la mwisho. Kama unazijua vizuri njia za Chanika, Kivule na Msongola niandikie hapo chini, huko bado vituo vyangu ni vichache.