Kilele cha Siku Moja: Kupanda Usambara Peke Yako Wakati wa Demani

Tanga ni waja leo waondoka leo, lakini mlimani msemo huo haufai. Anayepanda basi stendi ya Kange, Tanga mjini, alfajiri akitumaini kufika kilele cha Magamba na kurudi kulala nyumbani keshachelewa kabla hajaanza. Basi lipite Muheza, Segera, Korogwe, lifike Mombo, halafu likate kulia lianze zile kilomita 33 za kona mpaka Lushoto. Ukishuka hapo, jua limeshapanda kuliko wewe. Nenda siku moja kabla, ulale Lushoto, na mwendo uanzie mlangoni mwa gesti saa kumi na mbili asubuhi.

Wakati mzuri ni demani, hasa Septemba: ubaridi mkali wa kipupwe umelegea, njia zimekauka, na vuli bado haijashika. Masika usijaribu. Udongo mwekundu wa Usambara ukilowa hugeuka sabuni, na mtu aliye peke yake akiteguka kifundo cha mguu hana bega la kuegemea.

Kimo chenyewe hakitishi. Mji wa Lushoto uko kama mita 1,400 juu ya bahari na Magamba inafika kama mita 2,230, wakati ugonjwa wa kimo kwa kawaida huanza kusumbua watu juu ya mita 2,500. Kwa hiyo ukiumwa kichwa huku, kunywa maji kwanza kabla ya kusingizia mlima. Kinachowaponza watu hapa ni saa, ukungu na jasho.

Tuanze na saa. Mpanda milima wa Scotland, William Naismith, alitoa kanuni mwaka 1892 ambayo bado inafanya kazi: saa moja kwa kila kilomita tano, na saa nyingine kwa kila mita 600 za kupanda. Chukua njia ya kilomita kumi yenye mita 800 za kupanda: saa mbili za mwendo, na saa moja na dakika 20 za mlima. Jumla saa tatu na dakika 20, bila kupumzika, bila kupiga picha, bila kusimama kumtazama mbega. Mtu wa pwani aliyezoea tambarare aongeze nusu yake, ifike saa tano. Ukitoka saa kumi na mbili, utakuwa juu saa tano asubuhi.

Sasa panga saa ya kugeuka, na uipange usiku, ukiwa umekaa na akili imetulia. Kwa mfano huu iwe saa sita mchana. Ikifika hiyo, hata kama kilele unakiona hapo mbele, geuka. Jua huzama kati ya saa kumi na mbili na saa moja jioni, lakini chini ya miti mikubwa ya mikulo giza hutangulia. Walio wawili wanaweza kushauriana. Wewe mwenzako ni saa tu, na kilele kina ulimi mtamu.

Jasho ni adui anayedharauliwa. Hewa hupoa kwa nyuzi kama sita na nusu kila unapopanda mita 1,000, kwa hiyo Tanga mjini kukiwa na nyuzi 30, kileleni tarajia kama 16, na upepo juu yake. Fulana ya pamba hunyonya jasho na kubaki mbichi mwilini. Unaposimama kula, unaanza kutetemeka. Jezi nyepesi ya mpira wa miguu, ya mtumba, ni bora kuliko fulana mpya ya pamba. Beba fulana kavu ya pili, sweta, na koti la mvua. Fulana ibadilishe mara tu unapofika juu, kabla ya kufungua chakula. Nguo kavu na simu weka ndani ya kopo la plastiki lenye mfuniko. Mifuko ya rambo tuliyokuwa tukiitegemea imepigwa marufuku tangu Juni 2019, na hata enzi zake ilikuwa ikivuja.

Viatu viwe vyenye meno, na uwe umevivaa kwa wiki mbili kabla. Kiatu kipya mlimani ni malengelenge. Kata kucha za vidole vya miguu, maana wakati wa kushuka ndizo zinazogonga mbele ya kiatu. Ukiingia msituni chomeka suruali ndani ya soksi. Siafu hawagongi hodi.

Maji, lita tatu. Nusu lita kwa kila saa ya kupanda si nyingi. Ya kijito yasinywewe bila vidonge vya kutibu maji, na ukiweka kidonge subiri dakika 30 kama maelekezo yanavyosema. Chakula kiwe cha kula kwa mkono mmoja: chapati, mayai ya kuchemsha, kashata, tende. Kula kidogo kila saa badala ya kusubiri njaa.

Ukungu una sababu yake. Upepo wa baharini hubeba unyevu, ukigonga safu hii hulazimika kupanda, hupoa, na unyevu hugeuka wingu. Wingu hilo likiwa juu yako unaliita wingu. Ukiwa ndani yake ni ukungu, na njia ya mita tano mbele haionekani. Usiendelee kwa kubahatisha. Kila penye njia panda, wakati wa kupanda, geuka nyuma uitazame njia kama utakavyoiona ukirudi, na upige picha. Ukungu ukifunga, simama ulipo, vaa sweta, subiri. Ukiwa huna uhakika baada ya hapo, rudi mpaka picha ya mwisho unayoitambua. Kosa kubwa ni kufuata kijito ukidhani kitakutoa: vijito vya Usambara vinaweza kukufikisha kwenye maporomoko.

Ramani ipakue kwenye simu ukiwa bado mjini, kwani simu hujua ulipo hata bila intaneti. Kisha izime mtandao, maana simu inayotafuta minara bondeni humaliza chaji. Ukihitaji msaada panda kwenye mgongo wa mlima, tuma ujumbe mfupi, ambao hupenya pale simu ya sauti inaposhindwa, au piga 112. Filimbi iwe shingoni: mipulizo sita ndani ya dakika moja, nyamaza dakika moja, rudia. Na tochi ya kichwa, hata kama umepanga kurudi mchana.

Magamba ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Pita ofisini kwao siku moja kabla, ulipie kiingilio, na ukiambiwa uende na mwongozaji usibishane. Wanaijua njia iliyoanguka wiki iliyopita.

Kushuka ndiko kunakoangusha watu, kwa sababu miguu imechoka na moyo umeshafika nyumbani. Hatua fupi, magoti yasinyooke kabisa, mkongojo utangulie. Mizizi iliyolowa usiikanyage; kanyaga kati yake.

Na kabla ya yote hayo, mwachie mwenye gesti karatasi: njia utakayopita, rangi ya koti lako, namba ya ndugu, na saa ambayo ikipita bila kukuona atoe taarifa kwa mwenyekiti wa kijiji. Saa kumi na mbili jioni inatosha. Ukirudi, mwonyeshe sura yako kabla hujavua viatu.