Paramota kwa mwenye ulemavu: maswali yenu

Maswali ya safari hii yote yanahusu paramota, yaani bawa la kitambaa juu, injini yenye propela mgongoni, rubani akining'inia kwa kamba. Wote walioandika wana ulemavu wa viungo au wanamlea mwenye nao.

Nilipooza kuanzia kiunoni baada ya ajali ya bodaboda. Kila video ninayoona, rubani anakimbia. Mimi nitapaaje? (Nakuru)

Ndugu yangu, bawa linataka mwendo tu, na mwendo hata magurudumu hutoa. Injini hufungwa kwenye kigari cha magurudumu matatu au manne, nawe unaketi humo umefunga mikanda. Propela inasukuma, bawa linajaa hewa na kusimama juu yako, kisha mnaiacha ardhi. Angani kazi ni ya mikono: breki ya kushoto, breki ya kulia (ndizo kamba za kuvuta pande mbili za bawa, za kugeuka na kutua), na mpini wa mafuta unaobanwa kwa vidole kama breki ya baiskeli. Lipo kanyagio la kuongeza kasi, lakini unaweza kuruka miaka na miaka bila kuligusa.

Ugumu uko chini. Kigari kinahitaji uwanja laini na mrefu kuliko ule wa mwenye kukimbia, tena hupinduka upesi bawa likipanda limeelemea upande mmoja huku rubani akizidi kubana mafuta. Ukiliona limeelemea, achia mafuta, zima, panga upya. Hata mara kumi kwa asubuhi moja, si aibu. Ndiyo maana nasisitiza siku nyingi za kulicheza bawa hapo chini bila injini, upepo ukiwa mwanana, ukiwa kwenye kiti chako cha magurudumu na mtu mwenye nguvu amekishika kwa nyuma. Mwalimu anayetaka kukurusha peke yako siku ya kwanza, mkimbie.

Mkono wangu wa kushoto ulikatwa kiwandani. Miguu ni mizima. Inawezekana? (Morogoro)

Sitakuficha, kaka: kwenye paramota, kukosa mkono ni kugumu kuliko kukosa mguu. Hewa ikichafuka, breki zote mbili zinatakiwa kwa wakati mmoja. Kama kiwiko kipo, breki inaweza kufungwa kwenye kigutu au mkono bandia kwa mkanda unaofunguka haraka, na mpini wa mafuta ukahamishiwa mguuni au mdomoni. Kama ulikatwa juu ya kiwiko, urefu wa kuvuta hupungua sana. Omba kwanza uning'inizwe kwenye mikanda hapo hapo chini, mpime unavuta hadi wapi, ndipo mzungumzie kuruka.

Mimi ni kiziwi. Nimeambiwa bila redio ya kumsikia mwalimu sifundishiki. (Mombasa)

Unafundishika. Ruka mara nyingi zaidi pamoja na mwalimu kwenye kigari cha watu wawili, akikugusa bega kwa ishara mlizokubaliana. Ukianza kuruka peke yako, asimame uwanjani na vibao vikubwa vya rangi: geuka, zunguka tena, vuta breki utue. Injini utaisikiliza kwa mtikisiko wake mgongoni na kwa kipimo cha mizunguko na joto.

Mwanangu ana miaka 19, alizaliwa na mgongo wazi, hahisi miguu. Amenibana nimkubalie. Niogope nini? (Tanga)

Mama, mwanao ni mtu mzima na haki ya kutamani anga anayo. Wewe msaidie kujua hatari zake. Ngozi isiyohisi hupata vidonda kwa kukalia mshono au kamba, kwa hiyo mto wake uwe mzuri na akaguliwe kila akishuka. Mifupa ya miguu isiyobeba uzito hulegea, na inaweza kuvunjika asijue. Miguu ifungwe kwenye kigari, isiachwe ikining'inia. Baridi nayo hataisikia, wakati kila mita 1,000 za kupanda hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6.5. Wengi waliozaliwa na hali yake hudhuriwa na mpira wa asili, basi ulizieni vishikio vimetengenezwa kwa nini.

Ninachokiogopa zaidi ni maji. Ufuo wa Tanga unavutia, lakini aliyefungwa mikanda pamoja na injini huzama haraka. Asiende mahali ambapo injini ikizima hawezi kuifikia nchi kavu, na avae boya.

Niko Minneapolis, kwetu Bujumbura. Natumia mguu bandia. Nahitaji leseni? (Msomaji wa Marekani)

Kwa chombo cha mtu mmoja chenye uzito usiofika kilo 115, mchana, mbali na makazi ya watu, sheria ya huko haidai leseni wala cheti cha daktari. Kwa kuwa hakuna wa kukulazimisha kusoma, jilazimishe dada. Mguu bandia ufungwe kamba ya ziada usije ukachomoka na kuingia kwenye propela.

Walioko Uingereza waitafute Flyability, inayowasaidia wenye ulemavu kuruka. Wa Kenya wanaweza kuonja anga bila injini kule Kerio, wakiwa wamefungwa pamoja na rubani mzoefu. Ama paramota, andikieni mamlaka ya usafiri wa anga, KCAA kwa Kenya au TCAA kwa Tanzania, kabla ya kununua hata kamba moja.